Mtoto Kufanywa Shahidi

Lipo swali moja ambalo watu wetu hupenda kumwuliza mtoto mdogo kwa mchezo. Mgeni amekaa barazani, amepewa kahawa, mtoto wa miaka minne au mitano apita mbele yake, naye humshika mkono akamwambia: "Hebu niambie, wampenda nani zaidi, baba yako au mama yako?" Mtoto akisema mama, watu hucheka. Akisema baba, hucheka vile vile. Na yule mjanja asemaye "wote wawili" hupewa peremende. Swali hili ni la mzaha maadamu baba na mama wamo katika nyumba moja. Siku watakapoachana swali huwa ni lile lile na maneno ni yale yale, lakini hapana tena wa kucheka.

Filamu ninayotaka kuizungumzia yamalizika kwa swali hilo. Anayeuliza ni hakimu, na anayeulizwa ni msichana wa miaka kumi na mmoja. Jina lake kwa Kifursi ni Jodaeiye Nader az Simin, yaani Kutengana kwa Nader na Simin. Nje ya Iran yajulikana zaidi kwa jina la A Separation. Aliyeitunga na kuiongoza ni Asghar Farhadi. Ilitoka mwaka 2011, na mwaka huo huo ikapata tuzo kubwa ya tamasha la Berlin, kisha mwaka 2012 ikapewa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Sizitaji tuzo hizi kuwa ni ushahidi wa uzuri wake. Ni picha ngapi zimetuzwa na ndani yake hamna kitu! Nazitaja kwa sababu ndizo zilizoifanya itazamwe sana huko Ulaya na Marekani, na wako waliotoka humo wakisema kuwa sasa wameuona ubaya wa sheria ya Kiislamu. Nao wako Waislamu waliosikia maneno hayo, wakasema kuwa hii basi ni picha ya kutuchafulia jina. Wote hao, kwa rai yangu, walitazama kwa jicho moja.

Huenda msomaji akauliza: jarida kama hili lina nini na sinema? Jawabu ni kuwa sinema siku hizi haingoji tuiendee. Yaingia nyumbani kwa njia ya simu, haibishi hodi, na watoto wetu waiona kabla yetu. Basi ni afadhali tuzungumze ile iliyo na maana kuliko kunyamaza na kuziachia zisizo na maana zizungumze peke yake. Hii haina bunduki, haina ngoma, wala haina mtu asiyesitirika. Yaweza kutazamwa na baba, mama na watoto wakubwa wamekaa pamoja, ila wakimaliza hawataweza kutazamana usoni kwa muda kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Simin ataka kuhama Iran na mumewe na binti yao Termeh. Ruhusa ya safari imeshapatikana, nayo imebakiza siku arobaini. Nader hataki kuondoka, kwa sababu baba yake ni mzee mwenye maradhi ya kusahau, asiyemtambua hata mwanawe. Simin aomba talaka. Hakimu awaambia kuwa shida yao ni ndogo. Simin afunga mizigo na kwenda kwao, na Termeh abaki na baba yake. Na kila mwenye macho aona kuwa abaki akitumai mama atarudi. Sasa Nader ahitaji mtu wa kumwangalia mzee mchana. Amwajiri Razieh, mwanamke maskini, mcha Mungu, mja mzito, ambaye huja kazini na kibinti chake Somayeh bila ya mumewe kujua. Siku moja Nader arudi na kumkuta baba yake ameanguka chini, mkono umefungwa kitandani, na Razieh hayupo. Aporudi wagombana, Nader amsukuma nje ya mlango, na baadaye mimba yaharibika. Nader ashtakiwa kwa kuua kiumbe kilichokuwa tumboni. Kesi yote yasimama juu ya jambo moja: je, alipomsukuma alijua kuwa ana mimba au hakujua?

Nimeifupisha, lakini nitakalo kulionyesha limo katika mambo mawili madogo ambayo mtazamaji wa haraka huyapita.

La kwanza ni hili. Siku ya mwanzo ya kazi yule mzee ajikojolea. Razieh amekwama. Amsafishe mwanamume asiyekuwa maharimu wake? Apiga simu kwa watu wa dini kuuliza kama ni dhambi. Hapa nilifurahi, nakiri, kwa kuwa ni nadra kuona katika sinema mtu akiuliza hukumu ya dini na mtunzi asimcheke. Aambiwa kuwa kwa dharura kama ile yajuzu, basi afanya. Na kitoto chake kilichosimama pale chamwambia mama yake kuwa hakitamwambia baba. Hapana aliyekiomba. Mtoto wa umri ule amekwisha kufahamu kuwa nyumbani kwao kuna mambo ya mama ambayo baba hatakiwi kuyajua, na kuwa yeye ndiye sanduku la kuyawekea.

La pili ni la Termeh, nalo ni zito zaidi. Nader ni baba mwema. Amfundisha bintiye masomo yake kwa bidii. Kwenye kituo cha petroli amtuma atie mafuta mwenyewe, na alipoona hakurejeshewa baki amrudisha akaidai, kisha amwambia pesa hizo ni zake. Amlea binti awe mkweli na mwenye kujua haki yake. Lakini Termeh ni mwerevu, na malezi hayo hayo ndiyo yanayomfanya amwulize baba yake: ulijua kuwa ana mimba? Nader akiri kuwa alijua. Amweleza kuwa wakati wa hasira ile jambo hilo halikuwamo kichwani mwake, lakini sheria haina nafasi ya katikati. Ima alijua au hakujua, na akisema alijua atafungwa. Baada ya hapo Termeh aitwa na hakimu, aulizwa neno ambalo jawabu lake la kweli litampeleka baba yake jela, naye asema uongo. Kisha twamwona garini akilia bila ya sauti, na baba yake aendesha akitazama mbele.

Sijui kama katika filamu nilizoziona iko saa nzito kuliko ile. Hakupigwa mtu, wala hakufa mtu. Mtoto amekuwa shahidi wa baba yake, na tangu saa hiyo si mtoto tena.

Ndipo tufikapo mwisho. Miezi imepita, wote watatu wamevaa nguo nyeusi na yule mzee haonekani tena, na wamerudi mahakamani kwa talaka. Hakimu amwuliza Termeh: umeshaamua utakaa na nani? Asema ndiyo, ameamua. Atamka kuwa ameamua, lakini hatamki ameamua nini. Hakimu awatoa wazazi nje. Baba na mama wangoja ukumbini, mmoja upande huu wa kioo na mwingine upande ule, watu wapita katikati yao, na majina ya waigizaji yaanza kupanda. Filamu imekwisha. Jawabu hatulisikii.

Wako watu waliokasirika kwa kunyimwa jawabu. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa miongoni mwao. Nilipoitazama mara ya pili niliona kuwa jawabu halina kazi, kwa kuwa chaguo lenyewe limekwisha kuharibiwa kabla ya hakimu kufungua kinywa. Mtoto aliyekwisha kumsemea baba yake uongo mbele ya serikali, atamchaguaje mama bila ya kujiona amemsaliti yule aliyemwokoa? Na akimchagua baba, je, amechagua baba au anaulinda uongo wake? Farhadi alijua vizuri alichokifanya. Tulidhani twatazama kesi ya mimba na kuwa habari ya ulezi ni kando yake, kumbe kesi yote ya mimba ilikuwa ndiyo kesi ya ulezi.

Sasa niseme na wale waliosema kuwa huu ndio ubaya wa sheria ya Kiislamu, kumweka mtoto mbele ya hakimu achague. Kwanza tufahamu kilichotokea. Kwa sheria ya Iran, tangu ilipobadilishwa mwaka 2003, mama ndiye mwenye haki ya kumlea mtoto, wa kiume au wa kike, hadi miaka 7, kisha ni baba. Na mtoto akishabaleghe huachiwa mwenyewe. Na baleghe ya msichana katika sheria hiyo huhesabiwa miaka 9 ya mwezi. Ndiyo maana Termeh aulizwa.

Sisi wa pwani hii tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mambo yetu hayawi hivyo kabisa. Kwetu mama ndiye mwenye hadhana, yaani ulezi, mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida ni miaka 7 au 8. Hapo mtoto, awe wa kiume au wa kike, huhiyarishwa. Asili yake ni hadithi ya Abu Huraira, kuwa mwanamke alimjia Mtume s.a.w. akilalamika kuwa mumewe ataka kumchukua mwanawe, naye mtoto huyo ndiye amtekaye maji kisimani. Mtume akamwambia mtoto kuwa huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, amshike mkono amtakaye. Akaushika mkono wa mama yake, wakaenda zao.

Wengi wetu twaijua hadithi hii na twaishia hapo, kama filamu ilivyoishia ukumbini. Mafakihi hawakuishia hapo. Fungua kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), kitabu ambacho wanafunzi wa darasa zetu wamekidurusu kizazi baada ya kizazi. Humo utakuta yanayofuata baada ya mtoto kuchagua. Mtoto wa kiume akimchagua mama, usiku atakuwa kwa mama na mchana kwa baba, amtie adabu na ampeleke chuoni au kwenye kazi ya mikono. Msichana akimchagua mama atakaa naye usiku na mchana, na baba atamzuru kwa ada. Akimchagua baba, mama hazuiwi kumzuru. Na mwana wa kiume aliye kwa baba hazuiwi kwenda kwa mama yake. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumwuguza. Baba akiridhia itakuwa nyumbani mwake, asiporidhia itakuwa kwa mama. Na mtoto aliyechagua mmoja, kisha akamtaka mwingine, huhamishiwa kwa huyo wa pili.

Tazama basi. Siku hizi katika nchi za Magharibi wanasheria hukaa na wazazi walioachana wakawaandikia mpango: siku za wiki kwa huyu, Jumamosi na Jumapili kwa yule, sikukuu hivi, ugonjwa hivi, safari hivi. Watu wetu wakisikia hayo hustaajabu kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Kumbe mpango huo ulikuwamo katika vitabu vyetu, usiku wake, mchana wake, ugonjwa wake na safari yake, tangu zaidi ya miaka mia saba.

Na safari nayo imo, nayo ndiyo kiini cha ugomvi wa Nader na Simin. Kwa mafakihi wetu, mzazi mmoja akisafiri kwa haja yake, mtoto hubaki na yule mkaazi mpaka msafiri arejee. Akiwa ni kuhama moja kwa moja, baba huwa na haki zaidi, kwa ajili ya kuhifadhi nasaba, kwa sharti njia na mji uendewao uwe wa salama. Najua hukumu hii itawauma baadhi ya kina mama wanaosoma hapa, na hasa wale wenye nafasi Maskati au London na mtoto hapewi kwenda. Sitaipamba. Lakini iangaliwe pia kuwa haikusema mtoto anyimwe mama. Ilisema akae upande gani wakati ambapo haiwezekani kuwa pande mbili, zama ambazo safari ya bahari ilikuwa ni kuagana kwa miaka. Leo mtoto huzungumza na mama aliye ng'ambo na uso wake akauona. Baba anayetumia hukumu ile kumpokonya mtoto simu ya mama yake amechukua kisichokuwamo kitabuni.

Hapa ndipo lilipo lawama langu, na si kwa Waajemi, ni kwetu. Sisi twachukua nusu ya fiqhi. Mume huijua nusu yake na mke huijua nusu yake, na kila mmoja huijua kwa ufasaha! Baba hujua kuwa mama akiolewa na mtu baki hadhana yake huanguka. Hilo hata asiyejua kusoma alijua. Lakini hajui, au hataki kujua, kuwa ikianguka kwa mama haikimbilii kwake, bali huenda kwanza kwa mama wa yule mama. Umar bin Khattab r.a. mwenyewe, na ukali wake wote, alimkuta mwanawe Asim akicheza uwanja wa msikiti wa Quba, akamchukua na kumpandisha juu ya mnyama wake. Nyanya yake mzaa mama akamfuata akimgombania. Wakaenda kwa Abubakar r.a., aliyekuwa khalifa, kila mmoja akisema ni mwanangu. Abubakar akamwambia Umar amwachie. Naye Umar hakurudisha neno. Ni akina baba wangapi leo wasiorudisha neno?

Naye mama hujua kuwa mtoto mdogo ni wake, na kuwa masurufu ni juu ya baba popote mtoto akaapo, na amesema kweli. Lakini akicheleweshewa pesa mwezi mmoja huufunga mlango, baba akija kumwona mtoto aambiwa amelala, amekwenda chuoni, amekwenda kwa shangazi. Amelifanya jicho la baba kuwa ni kitu cha kununuliwa. Masurufu ni haki ya mtoto, na kumwona baba pia ni haki ya mtoto. Hupati kuichukua haki moja ya mtu ukailipia deni la haki yake nyingine.

Mbaya zaidi kuliko yote hayo, na hili ndilo filamu hii limenizindua, ni tuwafanyavyo watoto siku wanapopita kati ya nyumba mbili. Namkumbuka kijana mmoja wa mtaani kwetu, alikuwa na miaka minane au tisa, akikaa kwa nyanya yake na mama yake, na Alkhamisi jioni akienda kwa baba kurudi Ijumaa usiku. Utasema ni mpango mzuri, na kweli ulikuwa mzuri. Lakini akirudi, kabla hajavua viatu: "Umekula nini? Yule mwanamke wake alikuwako? Amenunua kitu kipya nyumbani? Amesema nini juu yangu?" Na akifika kwa baba, yale yale: "Nani huja pale kwenu? Mama yako hutoka usiku? Pesa ninazoleta hutumiwaje?" Mtoto yule alikuwa hodari wa kujibu. Kila upande aliupa ulichotaka kusikia. Watu walimsifu kwa akili. Baadaye alipokuwa mkubwa nilimsikia akisema kuwa njia baina ya nyumba zile mbili, ambayo haikuzidi robo saa kwa miguu, ndiyo peke yake aliyokuwa akitembea bila ya kufikiri aseme nini.

Hakuna hakimu aliyemweka mtoto huyu kizimbani. Wazazi wake walimweka kila wiki. Naye Somayeh, yule mdogo wa filamu, hana mahakama ya talaka wala hakimu wa kumwuliza, wazazi wake wamo ndani ya ndoa, na bado ni shahidi kama Termeh. Hapo ndipo nimwonapo Farhadi kuwa ni mtu wa kuheshimiwa: hakuliweka kosa katika talaka peke yake.

Iko aya ya 233 ya Suratul Baqara, iliyokuja katika mambo ya kunyonyesha, inayokataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe wala baba kwa ajili ya mwanawe. Wafasiri wameifahamu kwa njia mbili: kuwa mzazi asidhuriwe kwa kutumiliwa mtoto, na pia kuwa mzazi asimdhuru mwenziwe kwa njia ya mtoto. Nilipokuwa nikimtazama Termeh nilifahamu kuwa njia hizo mbili zapita juu ya mwili mmoja. Awe baba ndiye apigaye au mama ndiye apigaye, fimbo ni mtoto, na fimbo huumia pande zote mbili.

Na kuhusu kumhiyarisha mtoto, Ibnul Qayyim, aliyefariki 751 Hijria (1350), ametaja kisa alichokipokea kwa shekhe wake Ibn Taymiyya, na ningependa kila kadhi na kila baba akijue. Wazazi wawili waligombania mtoto mbele ya hakimu. Mtoto akahiyarishwa, akamchagua baba. Mama akasema: mwulizeni ni kwa nini. Akaulizwa, akasema kuwa mama yake humpeleka kila siku kwa mwalimu, na mwalimu humpiga, na baba yake humwacha acheze na wenziwe. Hakimu akamrudisha kwa mama. Maana ya kisa hiki ni kuwa kumhiyarisha mtoto hakukuwa ni kumtupia mzigo. Ni kumsikiliza, kisha wakubwa wabebe hukumu. Na katika madhehebu yetu, mtoto akionekana kugeuka-geuka kwa upungufu wa akili huachwa kwa mama, wala halazimishwi kuendelea kuchagua.

Kwa mizani hii basi naipima filamu. Yule hakimu wa mwisho alifanya vizuri kuwatoa wazazi nje. Lakini hakuuliza kwa nini, au kama aliuliza mtunzi hakutuonyesha. Wala hapana mtu katika picha ile yote, si hakimu, si baba, si mama, si mwalimu, aliyemwambia msichana yule neno moja: ukimchagua huyu, yule utamwona siku gani. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwa Farhadi, kama ni kosa. Amelifanya chaguo kama kisu, kikikata kimekata. Mtu asiyeijua dini akitoka humo atadhani kuwa kwa Waislamu mtoto huchagua mzazi mmoja na mwingine akazikwa. Angeweza kumtia hakimu maneno mawili tu juu ya kuzuru, na filamu isingepungua kitu. Lakini tena najiuliza: je, lau angeyatia, Nader na Simin wangeyasikia? Watu waliofika hadi kungoja ukumbini wasiangaliane, wakijua kuwa ndani mtoto wao analia, mpango gani wa usiku na mchana utawafaa?

Kosa jingine ni dogo. Simin amepewa maneno machache kuliko Nader. Twamwona Nader akimwosha baba yake na kulia begani mwake, na moyo wa mtazamaji humwelekea. Simin twamwona akipita na gari, akipiga simu, akitafuta njia ya kuimaliza kesi kwa mali. Ndiye wa kwanza kufahamu kuwa mtoto anaharibika, na ndiye asiyesikilizwa. Mwanamke katika nyumba zetu atakayeitazama atamjua mara moja.

Lakini yote hayo yalipwa na Razieh. Karibu na mwisho Nader yuko tayari kulipa dia, wanaomdai mumewe wameshakaa wakingoja pesa, naye aombwa kitu kimoja tu, aape kwa Msahafu kuwa ni kule kusukumwa ndiko kulikoiharibu mimba. Hana yakini, kwa sababu siku moja kabla yake aligongwa na gari alipotoka kumfuata yule mzee barabarani. Akataa kuapa. Achelea pesa za haramu zisije zikamdhuru mtoto wake. Umaskini uko mlangoni, mume amepandwa na wazimu, na mama yule aona kuwa kiapo cha uongo kitamfika bintiye. Watu wa Magharibi waliandika kuwa huyo ni mwanamke wa ushirikina. Mimi nilimwona kuwa ndiye mzazi pekee katika filamu ile aliyefikiri kuwa neno la uongo linaloingia nyumbani huingia kwa mtoto kwanza.

Sheria za serikali zetu nazo zina la kusema, ingawa watu wetu wengi huziogopa bure. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yachukulia kuwa ni kheri ya mtoto wa chini ya miaka 7 kuwa na mama yake, mpaka ithibitike vingine. Kenya, sheria ya watoto ya mwaka 2022 yawapa wazazi nafasi ya kuandikiana mapatano ya wajibu wao juu ya mtoto. Si lazima mtu afike huko kwa ugomvi. Wazee wawili, mmoja wa kuumeni na mmoja wa kukeni, wakikaa na kalamu siku ile ile talaka inapoandikwa, kabla eda haijaisha na ndimi hazijachafuka, waweza kuyaandika ya Minhaj kwa ukurasa mmoja: usiku wapi, mchana wapi, Idi ya kwanza wapi na ya pili wapi, nani alipa chuo na nani alipa skuli, akiugua alale kwa nani. Na mstari mmoja uongezwe ambao sikuuona katika kitabu chochote, nimeuona kwa Termeh na kwa kijana wa mtaani kwetu: kuwa mtoto akirudi nyumbani ataulizwa kama ameshiba na kama amesali, basi.

Nikiikumbuka filamu hii, kinachonijia si mahakama. Ni ule ukumbi. Kila aliyeitazama pamoja nami aliinama mbele kidogo majina yalipoanza kupanda, akitega sikio apate kusikia kilichosemwa nyuma ya mlango. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameketi nyuma yetu, ambaye nilidhani amelala, akasema: "Nanyi mwataka asemeni? Mwacheni."